Rimu Mbovu Haitoki Nzima

Ukimuuliza Mama Rimu ufundi alisomea wapi, atakujibu bila kupepesa kwamba alisomea jalalani. Analitaja jalala kama mwingine anavyotaja chuo. Lilikuwa uwanja wa vyuma chakavu nyuma ya kiwanda cha mabati, na yeye, msichana mwembamba mwenye sauti nene, alitandika gunia langoni akawa anauza nati za magurudumu, moja moja, kwa madereva waliozipoteza njiani. Faida ya nati ni ndogo, lakini dereva ambaye gurudumu lake la mbele limeanza kucheza habishani sana. Hapo ndipo alipojua kwamba bei haikai ndani ya bidhaa. Inakaa ndani ya shida ya mnunuzi.

Somo la pili lilimjia kwa moto. Wayeyusha alumini walikuwa na tanuri lao pale uwanjani, na siku moja walitupia ndani rimu nyepesi ya gari la mashindano wakidhani ni alumini kama nyingine. Ikawaka mwanga mweupe usiotazamika. Mmoja wao akakimbilia ndoo ya maji, akamwaga, na moto badala ya kufa ukaruka juu ukamla nyusi. Tangu hapo hakuna mtu aliyetaka kuigusa rimu nyepesi. Kesho yake wenzake wote walikuwa wakisimulia walivyokimbia. Mama Rimu alikuwa akiuliza zilizobaki zinauzwaje. Kitu kinachoogopwa, alijiambia, kinauzwa na mtu anayetaka kiondoke mbele ya macho yake, na mtu wa namna hiyo hapigi hesabu vizuri.

Ndivyo alivyoingia kwenye magnesiamu. Wanaoifahamu wanaijua kwa uzito wake: ukiinyanyua rimu, mkono unaruka juu kwa sababu ulijiandaa kubeba zaidi. Asiyeuamini mkono wake adondoshee tone la siki. Alumini itakaa kimya, magnesiamu itatoa povu. Hayo alijifunza kwa kununua, kukosea na kuuza. Akajifunza na lile ambalo wachuuzi wenzake hawakutaka kulisikia, kwamba rimu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya mashindano: zikimbie misimu michache, zikaguliwe, zitupwe. Hakuna aliyezitengeneza ili mjukuu wa mwenye gari aje azikute. Unyevu unazila, chumvi inazila, boliti ya chuma ikikutana nazo penye maji inazila pia, na kila kona ya barabara inazikunja kidogo pasipo mtu kuona. Chuma cha kawaida kikichoka hupinda, kikakupa habari mapema. Magnesiamu iliyozeeka haibishi hodi. Inakatika.

Siku hizi ana karakana yake, na haikujengwa kwa huruma ya mtu. Sakafu ni ya saruji inayofagiwa asubuhi na jioni. Upande wa kushoto ziko rimu za kawaida, mashine ya kuvulia matairi na kompresa inayokohoa. Upande wa kulia ni wa rimu nyepesi: meza ndefu, majiliwa mawili ya kubania chuma, ndoo za mchanga mkavu kila kona, wala hakuna bomba la maji. Anayefanya kazi upande huo ni mdogo wake wa kiume, ambaye watu humwita Fundi Kimya. Si kwamba hajui kusema. Ni kwamba kila akifungua kinywa anakuta dada yake amekwisha kusema.

Wenye magari ya zamani, wale wa magari mafupi ya viti viwili yanayolala chini kama paka anayewinda, wote wanamfahamu. Wanapenda kumwona akiitundika rimu kwenye kamba na kuigonga kwa nyundo ya mti. Ikivuma vizuri wanatabasamu kama waliosifiwa mtoto. Yeye huwapa burudani hiyo kwa sababu haina gharama na inamlegeza mteja kabla ya bei, lakini hajawahi kuiamini. Ufa mchanga hauharibu wimbo, husema. Anachokiamini ni kubabua rangi yote mpaka chuma kibaki uchi, kisha dawa nyekundu ya kupaka, subira, kitambaa safi, na unga mweupe wa kupuliza. Penye ufa, wekundu uliojificha ndani hupanda juu ya weupe. Hapo hakuna cha mjadala.

Tena ana sheria moja ambayo imempotezea wateja wengi kuliko bei zake: rimu mbovu haitoki nzima. Akiikuta na ufa, inakatwa hapo hapo, mwenyewe akitazama. Wanamlilia. Wanasema wataifanya meza ya sebuleni, wataitundika ukutani, watapandia maua. Mama Rimu husikiliza kwa adabu. Meza nyingi za namna hiyo amekwisha kuziona zikimpita barabarani kwa mwendo wa kasi, zimepakwa rangi mpya.

Basi asubuhi moja langoni akasimama Mzee Mabasi, na nyuma ya pikapu yake rimu nne zimefunikwa mablanketi kama wagonjwa.

Hawa wawili walikuwa wametoka mbali. Mzee Mabasi alianza na basi moja bovu, yeye dereva na mke wake mkata tiketi, akaishia na mabasi yaliyojaa uwanja. Enzi hizo Mama Rimu ndiye aliyenunua matairi yao yaliyochakaa, na hakuna tairi hata moja lililowahi kubadili mikono kati yao bila nusu siku ya maneno. Walitukanana kwa heshima. Yeye alimwita Mama Rimu binti yangu alipotaka kupunguziwa. Mama Rimu alimwita baba alipotaka kumpandishia. Mke wake, ambaye mpaka leo anaitwa Bibi Tiketi, ndiye mtu pekee aliyewahi kumrudishia Mama Rimu chenji pungufu na asijue mpaka amefika nyumbani, na kwa hilo Mama Rimu anamheshimu hadi kesho.

Mabasi yalipouzwa, mzee alijinunulia gari alilolitamani tangu ana ndevu tatu: jekundu, la wazi, la viti viwili, lenye rimu zake za asili za magnesiamu rangi ya dhahabu. Jumapili iliyokuwa ikija palikuwa na msafara wa magari ya zamani. Wangepanda mlimani kwa barabara ya kona nyingi, wangepumzika kileleni, wangeshuka. Bibi Tiketi alikuwa amekwisha kununua mtandio wa kufunga kichwani kwa ajili ya upepo.

"Nataka rangi tu," mzee akasema, akiziweka chini moja moja. "Dhahabu ile ile. Iwake."

"Mimi napaka rangi juu ya chuma, baba. Juu ya rangi wanapaka wenye haraka."

"Hiyo baba umeianza mapema leo. Utanitoza bei gani, mwizi wangu?"

Fundi Kimya alikuwa amekwisha kuanza kuvua matairi. Rimu tatu zilivuliwa bila neno. Kwenye ya nne akasita, akaingiza mkono, akavuta nje mpira wa ndani, mweusi, umekunjamana. Tairi la namna ile halikuhitaji mpira. Akamtazama dada yake. Mzee Mabasi akasema upesi kwamba ile ilikuwa ikipunguza upepo kidogo, ndiyo maana akaitia mpira. Chuma cha zamani kina vinyweleo, kila mtu anajua hilo, na si ugonjwa.

Alikuwa na haki. Magnesiamu nyingi ya zamani inavuja upepo hivyo hivyo tu, na Mama Rimu alizijua rimu nzima kabisa zilizovuja maisha yao yote. Lakini alijua pia kwamba mpira wa ndani unafanya kazi ile ile ya rangi: unanyamazisha. Aliikung'uta sketi yake, akaketi juu ya tairi, akaja na pendekezo.

Alisema hivi. Mzee achague rimu moja mwenyewe, yoyote. Itababuliwa na kupimwa kwa gharama ya karakana. Ikiwa nzima, zote nne zitapakwa dhahabu bure. Ikiwa na ufa, mzee atalipa kila atakachoambiwa na zote zitababuliwa.

Macho ya mzee yakachangamka kama ya kijana. Akazizunguka zile rimu, akazigusa, akainama, akapuliza vumbi lisilokuwepo. Mama Rimu alimtazama miguu, si uso. Miguu ile ilizunguka tatu, na kila ilipofika kwa ile ya nne ilipita mbali kidogo, kama mtu anayepita dukani kwa anayemdai. Mwishowe akaweka mkono juu ya iliyong'aa kuliko zote.

Ilipimwa. Dawa ya kubabua ikaivua ngozi ya dhahabu, na chini yake chuma kikatoka kijivu, kimetulia. Ikapakwa nyekundu, ikaachwa, ikafutwa, ikapuliziwa unga. Wakasubiri. Unga ukabaki mweupe pe.

"Nne," mzee akasema. "Bure. Rangi juu ya rangi."

Wachuuzi walio wengi wangekasirika. Mama Rimu hakukasirika, maana alikuwa amekipata alichokitafuta: amejua ni rimu gani mzee mwenyewe haiamini. Tatizo lilikuwa jingine. Amepoteza dau, na neno lake ni neno. Akizipaka zilizobaki juu ya rangi ya zamani, Jumapili Bibi Tiketi atashuka mlima akiwa amekalia kitu ambacho hakuna aliyekitazama.

Akafanya kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku za gunia. Alisema atazibabua na hizo tatu, nazo bure.

Tabasamu la mzee likafifia. Akavuta kofia chini. Bure ya kwanza alikuwa ameishinda kwa dau, hiyo aliielewa. Lakini bure ya pili, isiyoombwa, kutoka kwa mwanamke ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumwongezea hata kipande cha kamba cha kufungia tairi? Mzee Mabasi hakupata kupokea kitu cha bure maishani bila kukigeuza chini juu. Alianza kuokota mablanketi yake.

"Ng'ombe anayejipeleka machinjioni mwenyewe," akasema, "ujue mgonjwa. Unataka kunibadilishia rimu zangu, Mama Rimu. Ndiyo maana unataka nizilaze hapa."

Angeweza kumweleza. Angeweza kusema ufa, mlima, mke. Lakini alimjua: mtu ambaye amekwisha kunusa mtego kila neno jema analiona chambo. Kwa hiyo Mama Rimu alishusha pumzi kwa nguvu, akapiga paja lake, akamgeukia mdogo wake na kumgombeza. Kwa nini hakumkumbusha kwamba dawa ya kubabua imepanda bei? Anataka karakana ifungwe? Fundi Kimya, ambaye hakuwa ameulizwa lolote kuhusu dawa wiki nzima, aliinamisha kichwa kama mwenye hatia. Alikuwa mzuri kwa kazi hiyo. Kisha Mama Rimu akamgeukia mzee, akasema bure ya kubabua imekufa, na akataja bei ya kubabua rimu tatu. Ilikuwa bei ya wazimu. Kwa bei ile ungebabua rangi ya basi.

Mzee Mabasi akayaweka mablanketi chini.

Yaliyofuata yangefaa kutozwa kiingilio. Mzee alicheka, akakohoa, akamwita binti yangu. Mama Rimu akamwita baba, akamwonyesha makopo ya dawa na viganja vyake vilivyochubuka. Mzee akataja bei ambayo ilikuwa tusi. Mama Rimu akamwuliza kama anataka kubabuliwa rimu au mayai ya kuchemsha. Mzee akaondoka, akafika langoni, akakaa hapo akilitazama anga kama anayengoja mvua; Mama Rimu akajifanya anapanga nati. Akarudi kwa kisingizio kwamba amesahau miwani, ambayo alikuwa ameivaa. Walipofikia makubaliano, bei haikulipia hata dawa, na mzee akatoka akipiga mluzi, jasho limemtoka, mwenye furaha kama mtu aliyeshinda kesi.

"Dada," Fundi Kimya akasema baada ya pikapu kuondoka, "hapo tumekula hasara."

"Nimemuuzia kupimwa," Mama Rimu akajibu. "Hakuna bidhaa ngumu kuuza kama hiyo. Washa feni."

Mbili kati ya zile tatu hazikuwa na ufa. Moja ya hizo mbili ilikuwa na vishimo vidogo ukingoni, vya kutu nyeupe ya siku nyingi, vya kusafishika. Ile ya mpira wa ndani waliiacha mwisho. Chini ya dhahabu ilitoka rangi ya fedha, na chini ya fedha, karibu na kitovu ambapo mikono ya rimu inaanzia, dawa ilikutana na kitu kisichobabuka. Fundi Kimya akakikwangua kwa kijiti cha mti. Kilikuwa puti, ile ya kujazia mabodi ya magari, imelainishwa kwa msasa na mkono uliojua kazi yake. Chini ya puti palikuwa na unga wa kijivu, kama wa mahindi yaliyobunguliwa. Nani aliyeitia puti hiyo, na lini, hakuna wa kuulizwa. Gari lilikuwa limepita mikononi mwa wengi kabla ya mzee. Wakasafisha, wakapaka nyekundu, wakangoja, wakafuta, wakapuliza.

Mstari ulipanda taratibu. Ulianzia kwenye tundu la boliti, ukapinda, ukaufuata mzizi wa mkono mmoja wa rimu mpaka nyuma. Ulikuwa mwembamba kama unywele, mwekundu kama kope la mtu aliyelia.

Mama Rimu akamwita mzee kwa simu, akamwambia aje, na asije peke yake.

Walikuja wote wawili. Bibi Tiketi aliwekewa kreti akaketi, mkoba magotini, mtandio wake mpya shingoni. Mzee alisimama mbele ya meza akaitazama ile rimu muda mrefu. Hakubisha kwamba ni ufa. Mtu aliyeendesha mabasi anaujua ufa. Alichosema ni kwamba ufa huo huenda una umri wa nyumba yake, na umembeba tangu anunue gari bila kosa. Ataifunga rimu hiyo gurudumu la nyuma. Watakwenda polepole. Na kama Mama Rimu anaona vigumu sana, basi hataiendesha kabisa. Ataiweka ukutani, atazame rimu zake nne akiwa amekaa. Zilizaliwa pamoja, zitazeeka pamoja.

Mama Rimu akamwambia kuhusu mlima. Akasema kupanda si kitu, gari linavuta pole pole. Ni kwenye kushuka, breki zimeshika moto na uzito wote umelala upande mmoja kwenye kona, ndipo mkono wa namna hii unaachia, nao hauachii kwa zamu. Mmoja ukiondoka wenzake wanaufuata. Akamkumbusha na sheria ya karakana, ambayo imebandikwa pale mlangoni na mzee ameisoma mara nyingi, mara nyingine kwa sauti, kwa kuwacheka wenzake.

"Sheria yako ni ya wateja," mzee akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Hii ni mali yangu. Nikisema naibeba, naibeba."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mama Rimu anaweza kubandika atakacho mlangoni, hana askari. Wengine aliwahi kuwakatia kabla hawajapata ulimi wa kukataa. Huyu alikuwa na ulimi tangu zamani. Alikwisha kuweka blanketi juu ya meza na kuanza kulikunjua.

Mama Rimu alilitazama blanketi lile. Akautazama mtandio. Ukuta wa nyumba ya mzee aliujua: uko hatua chache tu kutoka kwenye gari.

"Niuzie," akasema.

"Nini?"

"Hiyo mbovu. Taja bei."

Mzee akasimama. Licha ya hasira zake, damu ya biashara ilikuwa na nguvu zaidi. Mtu akimwambia taja bei, yeye hutaja. Akataja. Alitaja bei ya rimu nzima, tena ya mnunuzi mgeni, tena siku ya mwisho wa mwezi. Ilikuwa bei iliyotajwa ili ikatwe, kama mchezaji anayerusha mpira juu akijua mwenzake ataupokea.

"Sawa," Mama Rimu akasema.

Akavuta droo. Hakucheka, hakuguna, hakumwita baba. Akaanza kutoa noti na kuzilaza juu ya meza, kando ya ile rimu nyeupe yenye mstari mwekundu.

Mzee akangoja. Alidhani ni mbinu, na alikuwa na subira ya mbinu. Lakini noti ziliendelea kulala. Kompresa ikakohoa upande wa pili, ikazima. Mzee akaitazama mikono ya mwanamke huyu ambaye tangu ujana wake alikuwa akimpunguzia bei hata ya tairi lililopasuka. Ambaye hata alipouziwa rahisi kuliko alivyotegemea, alipunguza, kwa heshima tu, ili muuzaji asilale na mashaka. Akamtazama mke wake. Bibi Tiketi alikuwa ameuvua mtandio ule shingoni, ameushika mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Hupunguzi?" mzee akauliza.

"Sipunguzi."

"Hata kidogo?"

"Nikianza kupunguza utaondoka nayo."

Mzee Mabasi alikuwa amepimiwa rimu, ameonyeshwa ufa, amehadithiwa mlima, na yote hayo aliyasikia kama maneno ya muuzaji. Hili halikuwa la muuzaji. Alivua kofia, akaifuta kwa kiganja, akairudisha kichwani.

"Mume wangu," Bibi Tiketi akasema kutoka kwenye kreti, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kuwaambia abiria wasogee nyuma, "mwache mwenye mali akate mali yake."

"Ikate," mzee akasema.

Rimu nyepesi haikatwi kwa mashine pale. Cheche na vumbi lake havina mchezo. Fundi Kimya aliibana kwenye jiliwa, akaweka bati kavu chini la kupokea chenga, akasogeza ndoo ya mchanga kwa mguu, akachukua msumeno wa mkono. Alikata taratibu, bila kulazimisha, jinsi anavyokata siku zote. Meno ya msumeno hayakuwa yamefika hata kati ya ule mkono wa rimu uliposikika mlio mfupi, mkavu, kama wa kijiti cha kuni. Kipande kikaanguka juu ya bati chenyewe. Fundi Kimya alibaki na msumeno hewani.

Mzee akainama, akakiokota, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Penye mvunjiko palikuwa na rangi mbili. Sehemu iliyokatika sasa hivi ilimeta kama sukari. Iliyobaki, na ndiyo ilikuwa kubwa, ilikuwa nyeusi, ya zamani, imekaa hivyo muda mrefu ikishikiliwa na ile nyembamba inayometa. Mzee akapitisha kidole gumba juu ya weusi ule, akakitazama kidole, akakifuta kwenye suruali. Kisha akampa mke wake kile kipande. Bibi Tiketi hakukigeuza. Alikipima uzito tu mkononi, akakirudisha mezani.

Zile noti mzee alizichukua. Alizikunja, akazitia mfuko wa ndani, akafunga kifungo. Hakuomba radhi kwa kuzichukua, na kama angezirudisha, Mama Rimu angemshusha cheo. Aliuza, akalipwa.

"Sasa Jumapili niende na nini?" akauliza. "Nibebe gari mgongoni?"

Mama Rimu alikuwa tayari amekwisha kuelekea stoo. Alirudi akivingirisha rimu mpya ya alumini, umbo lile lile la zamani, mikono ile ile, ambayo kwa mtu aliyesimama kando ya barabara isingekuwa na tofauti yoyote. Nzito kidogo. Ziko nne, akasema, na rangi ya dhahabu anayo. Zile tatu nzima atazipaka bure kama alivyoahidi, azitundike ukutani atakavyo, maana tatu haziendeshi gari. Akataja bei ya hizi mpya. Ilikuwa bei yenye kumbukumbu. Ndani yake mlikuwa na noti zote zilizoingia mfukoni mwa mzee, na dawa ya kubabua, na kitu kidogo cha kuteremshia presha.

Mzee Mabasi aliitazama rimu, akamtazama Mama Rimu, akafungua kinywa. Alikuwa bado na kile kipande cheusi machoni, na ilionekana wazi alivyokuwa anataka kujibu.

"Usithubutu kuniambia sawa," Mama Rimu akasema. "Punguza kama mtu mzima."

Bibi Tiketi akacheka, wa kwanza siku ile, akasogeza kreti karibu na meza. Mzee akavuta pumzi. Akavua kofia, akaiweka kando, akakunja mikono ya shati.

"Binti yangu," akaanza.

"Naam, baba," akaitika Mama Rimu, akajiketisha vizuri.